Kuhusu Polima Niliyokusanya Mkiwa kwa Wanjugu

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Grinhausi,
Keringet.

Bi. Jepkorir,

KUH: KUNYIMWA WATU WA KUVUTA KARATASI

Pokea salamu zangu, ingawa jana pale kwenye kituo cha maziwa ulinipita kama nguzo ya stima. Sina kinyongo. Ninaandika kama mwanakikundi mwenye haki zake, na ninakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampa jirani yangu Mzee Kipkemei barua hii, maana yeye ataanza kucheka mapema.

Unajua mvua ya mawe ilivyoichana karatasi ya plastiki iliyofunika grinhausi yangu. Nyanya zimeshaweka matunda, sasa ziko wazi, na baridi ya huku kwetu haina huruma. Karatasi mpya ninayo, imekunjwa sebuleni. Kinachokosekana ni mikono, kwa sababu karatasi ile huvutwa na kundi zima la watu, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Ndiyo maana tunavutiana kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nikaambiwa hakuna atakayekuja, kwa kuwa sikuonekana siku ya kumvutia mwenzetu Wanjugu, wala zamu iliyotangulia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ilisemwa mbele ya kikundi kwamba siku ile nilikuwa nimekaa bure. Si kweli. Nilikuwa kazini, kwenye ule mchezo wa simu wa kunusurika kisiwani, ambamo mimi na wenzangu wa mtandaoni tunajenga ngome. Nilikuwa kwenye ufukwe wa barafu nikikusanya polima. Polima hiyo hutoka kwa ndege fulani wanene wasioruka, ambao ni lazima wapigwe rungu. Huwa ninawahurumia, lakini kazi ni kazi. Sasa nikuulize, karatasi ya grinhausi imetengenezwa kwa nini? Kwa polima. Ninyi mlikuwa mkiivuta, mimi nikiikusanya. Sote tulikuwa katika shughuli moja.

2. Mliuliza kwa nini sikuahirisha. Polima ya ndege huoza, Bi. Mwenyekiti. Ukizubaa kidogo inakwisha mfukoni. Polithini ya Wanjugu haiozi. Tutakufa sisi, na wajukuu wetu watakuwa wakiifukua wakipanda viazi. Kati ya polima inayooza na isiyooza, mtu mwenye akili ataanza na ipi? Nilitarajia pongezi kwa kupanga kazi zangu vizuri.

3. Mzee Kipkemei alisema, tena kwa sauti, "Huyo boss wa simu hata hajui polima ni kitu gani." Hili liliniuma kuliko yote. Polima ni molekuli ndogo ndogo zilizoshikana mikono zikawa mnyororo mrefu sana. Polithini hutokana na ethini, na ethini ikiwa peke yake ni gesi tu, upepo unaibeba. Zikishikana maelfu kwa maelfu ndipo unapata kitu cha kuzuia mvua. Moja iliyojitenga haiwezi kufunika hata mche mmoja wa nyanya. Nadhani nimeeleza vizuri, na sioni cha kuchekesha hapo.

4. Wanga nao ni polima, ila molekuli zake ni za sukari. Kwa hiyo viazi ni polima na ugali ni polima. Kwa Wanjugu nilifika saa ya chakula, na watu waliniona. Nilishughulikia polima sahani mbili. Ya tatu nikanyimwa, na mwenye kuninyima akaninyang'anya na kijiko. Mtu akizuiwa kufanya kazi asisemwe kwamba hakuhudhuria.

5. Mke wangu Nekoye. Nyanya zile ni zake, amezilea tangu zikiwa mbegu. Kila jioni anazifunika kwa magunia na mablanketi yetu, nami ninalala na koti. Jumanne tulijaribu kuvuta karatasi sisi wawili pamoja na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimia. Upepo ukaja. Karatasi ikaruka kuelekea kwa ng'ombe wa Mzee Kipkemei, na mama mkwe akaenda nayo kwa sababu alikataa kuiachilia. Kwa adabu za kwao mimi siruhusiwi kumgusa, kwa hiyo nilikimbia kando yake nikimsihi mpaka kwenye ua. Nilitoka pale na aibu kubwa. Ninaogopa pia, nikuambie ukweli, kwamba nyanya zikifa Nekoye hatanisamehe.

Kwa hayo yote ninaomba polima niliyokusanya ihesabiwe kuwa mahudhurio, na kikundi kije Alhamisi. Ninaomba pia niteuliwe mshauri wa kikundi wa mambo ya polima. Mshauri, kama unavyojua, havuti. Anasimama kando na kuelekeza.

Nisalimie Wanjugu na nyumba yake, wanakikundi wote, na hata Mzee Kipkemei, ambaye naambiwa ng'ombe wake wamepona ule mshtuko wa karatasi na wameanza tena kutoa maziwa.

Mimi ambaye bado ni mwanakikundi,

Bethwel Kimeli

Baada ya sahihi: Jumamosi msinitafute. Nitaongoza kikao cha wenzangu wa mchezo cha kumfukuza mwenzetu mmoja, fundi wa Kihoto, Naivasha, anayeitwa Jalal. Tulipovamiwa hakuja kulinda ngome. Anadai ziwa lilikuwa limefurika na alikuwa akiwabebea majirani vitanda. Nilimwandikia wazi kwamba mtu asiyetokea wenzake wakimhitaji hana haki ya kuwaita siku yake ikifika. Amejibu kwamba nimesema kweli na hatapinga kufukuzwa. Kisha akauliza kama zile nyanya za mke wangu nilizomsimulia zimeshafunikwa, na kama bado, yeye na majirani zake wapande huku Jumapili waje kuvuta. Sijui nimjibu nini. Tafadhali njooni kabla yake.