Bahari Sebuleni kwa Mama Abner

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Abner anakuja na bahari! Ndiyo, bahari, hapa Nyanchwa, sebuleni kwangu! Mwisho wa mwezi yuko likizo. Ataleta samaki na vipande vya matumbawe, yale mawe yaliyo hai, kutoka shamba la baharini anakofanya kazi kule Pwani. Mwanangu anapanda mawe na yanaota! Nani mwingine Kisii nzima ana mtoto wa hivyo?

Baba Abner hakuuliza hata ni nani amepiga simu. Miaka miwili hawajasemezana, tangu kijana aache kusomea udaktari. Kwa baba yake yeye ni "mchunga mawe". Basi, mzee ataletewa hayo mawe mpaka mbele ya kiti chake. Aone mwenyewe. Wapatane. Huo ndio mpango wangu.

Jumatano, 3 Septemba
Mjini, dukani kwa Bipin. Tangi la kioo analo. Nikaomba taa nne za zambarau. Akauliza, na pampu? Nikamwambia moja ndogo, isiyo na kelele. Akacheka, akasema mama, hiyo ni ya kumwagilia maua. Maji yote lazima yazunguke mara kumi kwa saa. Tena bila hita, kwa baridi hii ya Kisii, samaki wa Pwani watashikwa na nimonia. Nikarudisha taa tatu ili kulipia pampu kubwa na hita. Nimeumia.

Ijumaa, 5 Septemba
Kila kitu kimefungwa! Chini ya tangi kuna tangi lingine la kuchujia, na mtambo wa kutoa uchafu kwa mapovu. Mawe ya kwanza kutoka kwa Abner yamefika kwa basi, yananuka kuliko gunia la dagaa wa omena. Abner akanieleza kwa simu kwamba mashine ni wasaidizi tu. Chujio lenyewe ni vijidudu wanaoishi ndani ya mawe. Hao ndio wanaokula sumu, na wanapumua kwa maji yanayotembea. Nimeelewa kabisa. Si nilifika darasa la saba?

Jua likazama. Nikazima kila kitu. Sabato ni Sabato. Hata mashine ina haki ya kupumzika.

Jumapili, 7 Septemba
Nimewasha. Nimepima. Kipimo kikiwa njano, maji ni mazuri. Kikiwa kijani, ni sumu. Kijani! Kama shamba la chai. Ole wangu.

Jumapili, 14 Septemba
Ijumaa kipimo kilikuwa kimeanza kuwa njano. Leo kijani tena. Nimekaa jikoni nikiwaza, mvua inanyesha tu. Halafu nikakumbuka: jana baada ya ibada Kwamboka alipita. Jirani huyu ana samaki mmoja ndani ya bakuli, na kanisa zima limelazimishwa kujua jina lake. Alisimama mbele ya tangi langu akasema, "Mama Abner, mbona maji yamelala?" Yamelala! Jicho hilo! Nimelifunika tangi kwa shuka.

Alhamisi, 18 Septemba
Jana kipimo kilikuwa njano, ukikitazama kwa mbali. Abner akasema tungoje, mama. Nikalia kidogo kwenye simu. Leo samaki wawili wamefika, rangi ya machungwa, mistari myeupe. Warembo!

Baba Abner alikuja kutafuta miwani. Akakaa. Chai yake ikapoa. Saa nzima! Mwishowe akauliza kama wanajua wako mbali na kwao. Nilikuwa nacheka ndani kwa ndani.

Jumapili, 21 Septemba
Wamekufa. Wote wawili, ubavu juu.

Baba Abner ndiye aliyewatoa. Kawazika chini ya mgomba, kwa jembe, kama watu. Kisha akauliza nani alizima mashine. Nikamkumbusha jana ilikuwa Sabato. Akasema, "Na ng'ombe je, Mama Abner? Jana hukumkama?" Nikamweleza ng'ombe ana kiwele, kinamuuma. Akachukua simu yangu, akaenda nayo mpaka kwenye ua. Nikamsikia: "Abner. Ni mimi." Halafu wakaongea mpaka simu ikazima, na mimi sijaambiwa hata neno moja la salamu!

Alirudi macho mekundu. Mafua, na hii mvua. Akasema kijana amesema pampu isizimwe hata saa moja, na kwamba atakuja vilevile.

Jumanne, 23 Septemba
Nimetafakari siku mbili, nimepata jibu. Ni jicho la Kwamboka. Hakuna kingine. Pampu haijawahi kuua mtu kwa kupumzika.

Abner anafika Alhamisi na matumbawe kumi na mawili na samaki sita. Baba yake atampokea mwenyewe stendi. Viatu ameshavipiga rangi. Na sasa anakaa karibu na swichi ya ukutani kama askari wa benki. Lakini hajui kuna nyingine nyuma ya kochi. Ijumaa jua likizama, baba na mwana wakiwa wamefumba macho kwenye maombi, nitaizima polepole. Wageni wangu hawatakuta nyumba hii ikifanya kazi siku takatifu!

Kwaya nimeialika, wazee wa kanisa nimewaalika, Bipin naye. Hata Kwamboka, ila yeye nitamkalisha akiangalia ukuta. Waje wote, Jumamosi tarehe 27, mara tu ibada ikiisha.