Timu Inayoitwa Bye

Jumatatu, 12 Mei 2025

Aksanti ametumbukiza filimbi yangu kwenye uji sasa hivi. Miaka mitatu tu, mkono mwepesi kama wa mwizi! Nimeipuliza ili ikauke, uji ukanirukia machoni. Akacheka mpaka akakaa chini. Again, Mama! Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza. Nimembusu shavu na uji wake wote. Filimbi sasa inalia kama bata.

Na ninaihitaji! Mimi ni kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya chuo chetu hapa Granville, ughaibuni. Mimi, niliyeishia darasa la sita Uvira. Ilianza Machi. Bruno wa ofisi ya michezo aliingia darasani kwetu, tunapojifunza Kiingereza, akaulizia mambo ya coach, nani anataka. Bruno ni Mkongomani mwenzetu, ila Kiswahili alikiacha kwenye ndege. Mimi nikasikia kochi. Nyumbani tulikuwa tunakalia magodoro. Nikainua mikono yote miwili.

Kochi sikupata. Nilipewa koti la bluu, mgongoni herufi kubwa: COACH. Ningelirudisha vipi? Siku ya kwanza kulivaa, Aksanti aliniita Mama Coach, na bwana mmoja asiyenijua akanishikia mlango nipite. Mimi kushikiwa mlango!

Shida ni moja. Mechi tano, tumefungwa zote tano. Leo Bruno kaniita. Eti kufika Jumapili anataka kuona japo pointi mbili kwenye msimamo wa ligi. La sivyo, timu anampa Verdiane. Verdiane! Yule Mrundi anayesomea kutunza wazee. Alicheza kikapu kambi ya wakimbizi Tanzania, basi kila neno kambini, kambini. Nimemwambia Bruno pointi mbili ni kitu kidogo.

Jumanne, 13 Mei

Nimesoma ratiba ubaoni. Jumamosi, saa nne asubuhi: sisi na BYE.

Bye! Timu gani tena hii? Balthazar, mume wangu, anafanya kazi kwenye ghala Seven Hills, vituo vyote vya treni anavijua. Hajawahi kuisikia. Anadhani ni ya kanisa.

Nikamwendea Verdiane kwa ujanja, kama mtu asiye na shida. Akanitazama. Akakohoa. Akasema pole sana, Mama Aksanti, hao Bye hawajawahi kufungwa hata kikapu kimoja. Hawachoki. Hawabishani na refa. Na ukitaka kumkaba mchezaji wao, humwoni! Halafu akakimbilia chooni, mabega yanatikisika.

Analia kwa woga. Maskini, hata yeye!

Alhamisi, 15 Mei

Mazoezi. Jina la mpinzani nimelificha, wachezaji wangu wasije wakaingiwa na baridi. Kwa kuwa watu wa Bye hawaonekani, nimewafundisha kukaba hewa. Dakika ishirini nzima wanakaba hewa. Lydie akauliza kama nina homa. Ornella, nahodha wangu, akasema Jumamosi yeye analala mpaka saa sita. Nimecheka sana. Napenda mchezaji anayejiamini.

Lakini mpango wenyewe ni mwingine. Maandazi! Themanini, mazito, yameshiba mafuta. Nitawakaribisha Bye kabla ya mechi kama mgeni anavyokaribishwa kwetu. Mtu mwenye maandazi sita tumboni ataruka wapi? Na Bruno akiuliza, huo ni ukarimu tu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeamka alfajiri kukanda unga. Saa tatu na nusu tuko ukumbini: mimi, mtoto na beseni. Saa nne: mimi, mtoto na beseni. Wachezaji wangu hakuna hata mmoja! Nikajua tu, Verdiane amewarubuni. Ila Bye nao hawapo. Hapo nikapata moyo. Nikapuliza filimbi, nikamnyanyua Aksanti arushe mpira. Haukufika hata nusu ya njia. Lakini nani mwingine alijaribu?

Akaja mzee anayetunza ukumbi. Akasema, bye, love. Nikamjibu bye, mzee, nikabaki nimesimama. Akarudia polepole: bye. Nikampungia mkono. Aksanti naye akampungia. Akaondoka anakuna kichwa.

Nikampigia simu Ornella. Sauti ya usingizi. Nilipomweleza niko wapi, na beseni gani, nikasikia mtu anacheka ndani ya mto. Akasema, Mama Aksanti, Bye si timu. Ratiba ikiandika bye, maana yake wiki hiyo hatuna mpinzani. Tunapumzika.

Kumbe Verdiane hakuwa analia.

Nimekaa kwenye benchi. Nimekula maandazi matano. Nimelivua koti, nikalikunja vizuri la kumpelekea Bruno. Aksanti akalikunjua, akalivaa, linaburuta sakafuni kama gauni la harusi. Akaniambia, you sit, Mama, I coach. Macho yakaniuma kidogo. Ni unga.

Jumapili, 18 Mei

Haleluya! Bruno amepiga simu tukitoka kanisani. Ligi yetu inaipa timu iliyopumzika pointi mbili. Mbili! Zimeandikwa kwenye msimamo, Balthazar ameziona kwa macho yake. Verdiane amepinga mpaka sauti imekauka, eti hizo ni pointi za usingizi. Bruno kamjibu yeye alitaka pointi, hakuuliza zimetoka wapi. Koti linabaki mgongoni pangu!

Mchana Verdiane mwenyewe amekuja kwangu. Eti kunipongeza. Amekula maandazi tisa, amekunywa chai vikombe vitatu, akasema kambini waliyapika mepesi zaidi. Nimemfungia mengine kumi aende nayo. Mwenye ushindi hana kinyongo.

Sasa ratiba najua kuisoma. Hakuna atakayenicheka tena. Wiki ijayo tunacheza na TBA. Herufi tatu tu, nadhani ni timu ya benki. Nimempigia Ornella ili nihakikishe. Anasema maana yake bado hawajajulikana. Ndiyo! Timu isiyojulikana ndiyo ya hatari. Nimemshukuru, nimekata simu kabla hajaendelea, mtoto wa watu ana masomo yake. Kesho namtuma Balthazar akaulize benki zote za Parramatta.

Maandazi yalikuwa kosa, nimekubali. Chakula chepesi mno. Balthazar ananiita, Aksanti amejifungia bafuni na bomba liko wazi. Naja! Nimalizie hapa tu: hawa TBA nawapikia bugali na sombe ya majani ya mihogo, sufuria lile la harusi, maana mtu aliyeshiba sombe harukiruki, hata kuinama kufunga viatu hawezi. Naja, Balthazar, naja!