Kigoda cha Mzee Nyamhanga

Jamani wenzangu wa Form Four, leo nimeaibika mpaka nikatamani ziwa linimeze.

Mnajua tangu tumalize shule nafanyaga kibarua ofisi ya Biashara hapa Musoma. Asubuhi bosi kaniambia: "Leo wageni kutoka nje wanakuja kiwanjani. Ukifanya vizuri, nakuombea ajira." Ajira! Uji nimeunywa nimesimama.

Tatizo, wageni wenyewe wanagombaniwa na ofisi mbili, yetu na ya Utamaduni. Wakubwa waliamua hivi: kinachouzwa ni cha Biashara, kinachochezwa ni cha Utamaduni. Rahisi, sivyo? Basi vikaletwa vibuyu.

"Vinauzwa," bosi wangu akasema.

"Vinachezewa ngoma," akasema Bwana Utamaduni.

Wakaingia kikaoni chini ya turubai, bosi akanigeukia: "Wewe kijana, usiguse kitu. Subiri."

Kusubiri! Mimi kusubiri siwezagi. Wageni washafika, ngoma ya Butiama ishaanza, vumbi linatimka, njuga zinalia, na vitu vyetu havina bei! Siku hizi kila kitu ruksa, sisi bado vikao tu. Nikachukua vikaratasi nikaanza kubandika. Vibuyu, bei. Mikeka, bei. Kigoda cha miguu mitatu, kizuri, kinang'aa kwa kukaliwa, fimbo imelazwa juu yake. Nikaitoa fimbo. Bei.

(Ndiyo, najua. Fimbo ikilala juu ya kigoda, mwenyewe yupo hata kama hayupo. Hata mtoto wa chekechea anajua. Ila mtoto wa chekechea hatafuti ajira.)

Mama mmoja mgeni akakipenda palepale. Hata hakuomba apunguziwe! Akalipa, dereva wao akakipakia garini, akaondoka nacho kwenda kupanga foleni ya petroli. Nikajiona mkurugenzi.

Ngoma ya kwanza ikaisha. Kiongozi wa wachezaji, Mzee Nyamhanga, akarudi anahema, akageuka akae kama kawaida yake. Akaishia katikati, matako hewani.

"Kigoda changu kiko wapi?"

Wachezaji wote wakanigeukia.

"Nimekiuza, babu. Kiko garini, kwenye foleni ya petroli."

"Umeuza mahali pa kukaa kwangu?"

Akina mama wa ngoma wakashika vichwa. Ngoma zote zikawekwa chini. Mzee akikosa pa kukaa, hakichezwi kitu! Nikamkimbizia kiti cha ofisini, akakiangalia kama samaki aliyeoza.

Wakubwa wakatoka kikaoni mbio.

"Kigoda ni utamaduni, hicho si changu," bosi wangu akasema.

"Kimeuzwa, kwa hiyo ni biashara," akajibu mwenzake.

Asubuhi nzima wanagombania vitu, hiki wanasukumiana!

Mzee akaniita. "Mjukuu wangu, foleni ya petroli ikoje?"

"Ndefu, babu."

"Basi inama."

Nikainama. Viganja chini, magoti chini, mbele ya kiwanja kizima. Akakaa. Mzito huyo! Akaagiza ngoma iendelee, na kila ilipokolea akawa anatingishika mabega, mimi natingishika mwili mzima. Wageni wanapiga picha. Yule mama akauliza ni nini hiki, Bwana Utamaduni akamjibu haraka kwa Kiingereza kwamba ni mila yetu ya tangu zamani. Uongo mtupu! (Nilimwelewa kila neno. Ndiyo faida ya shule.)

Gari likarudi jua limeshainama. Kigoda kikarudishwa, mama akarudishiwa hela zake. Bosi wangu akapita kama hanijui. Nikajua basi, ajira kwisha.

Ndipo Bwana Utamaduni akanishika bega.

"Kijana, wiki ijayo tuna wageni wengine Bunda. Hawa wa leo wamesifu sana. Ofisi yangu inakuchukua."

Nikajipangusa vumbi magotini. "Kama karani, mzee?"

Akakohoa. "Uje na suruali nene magotini."

Haya, kazi nimepata. Chekeni, nimewaruhusu. Ila atakayeniuliza cheo changu, tutakosana.