Taa ya Vifaranga na Uso wa Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

Mchwa wamemla Mama! Si yeye, picha yake: ile aliyompiga marehemu Baba katika studio yake kule Changamwe, Mama bado msichana, mkono juu ya simu ya pambo isiyo na waya. Uso wote umekwenda. Sina nyingine. Na Jumamosi Mama anatuhama, anarudi kijijini Kaloleni kabisa. Asema Mikindani imemchosha. Nimeapa kumpiga picha ya studio hapa hapa sebuleni. Jirani yetu Eddah, mpiga picha wa harusi, akataka kuniazima taa yake. Nimekataa. Mwana wa mpiga picha haazimi taa kwa mtu wa juzi!

Jumatano, 8 Oktoba

Taa nimepata. Ilikuwa bandani, inawapasha joto vifaranga wa mke wangu Judy. Nyuma nikatundika shuka, pembeni sinia la pilau lirudishe mwanga. Pichani Mama akatoka mwekundu kama aliyechemshwa. Nikaifunika taa kwa chandarua kupunguza ukali. Chandarua kikashika moto! Mama akauliza, kwa upole, kama Baba naye alikuwa akiwachoma wateja. Judy naye amewahamishia vifaranga kitandani, upande wangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kutwa nawaza studio ya Baba. Harufu ya poda. Kitana kilichofungwa kamba kwenye kioo, kisiibwe. Ukuta uliochorwa ndege ya abiria, na vijana wa viwandani wamepanga foleni wapigwe picha ya safari, kumbe hata Voi hawajafika. Mimi kazi yangu kushika maua ya plastiki. Nilidhani ulimwengu mzima unapita pale. Nimemkumbuka mzee.

Eddah kapita, kauliza kuku wanaionaje studio. Mbaya yule!

Jumamosi, 11 Oktoba

Stima hakuna, taa haiwaki. Basi, yamekwisha. Mama kaketi mlangoni na mkoba wake, anangoja gari. Mimi nanuna. Akaniambia nisijisumbue, hata Baba hakumpata mara moja. Alimwita studio mara nne.

"Zile tatu za mwanzo kamera haikuwa na filamu," akasema. "Alitaka nirudi tu."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa leso. Nikabonyeza kamera. Gari likaja.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeitazama picha tangu asubuhi. Mwanga wa mlangoni tu, na Mama mzima yumo, na kicheko chake. Judy amelia. Eddah mwenyewe amekiri hajawahi kupiga kama hiyo. Nyumba kimya, kiti chake kitupu, nami siwezi kukitazama.

Nimempigia simu. Nimemwambia picha imeharibika kabisa, itabidi arudi tupige upya, safari hii kwa taa za kisawasawa.

Akauliza kama filamu ilikuwamo. Anakuja Jumamosi.

Nimeshaichomoa tena taa bandani. Vifaranga wamekua, naona, hawaihitaji.