Rangi ya Gari la Baba Mkwe

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Fanya Mwenyewe Nyumbani",

Natumai barua hii inakukuta mzima, na gari lako likiwa na rangi moja. Hili lililo mbele yangu haliko hivyo tena, na kwa bahati mbaya si langu.

Ni la baba mkwe. Tangu nimwoe binti yake, mzee huyu hajawahi kuniamini hata na kikombe cha chai. Aliposafiri na mama mkwe kwenda kumwona mjukuu, alinikabidhi funguo kwa mkono wake mwenyewe. Nilikaribia kulia. Kesho yake nikauona mkwaruzo kwenye mlango wa dereva, mrefu kama kijiko. Sikujua umetoka wapi, ila nilijua atakayesemwa ni nani. Ndipo mke wangu akanionyesha ukurasa wenu, na sasa naomba unisikilize kwa utaratibu.

1. Mliandika nianze na dawa ya meno na kitambaa laini. Nimemaliza dawa ya meno ya nyumba nzima. Mlango unanukia vizuri kuliko watoto, na mkwaruzo ukazidi kung'aa.

2. Mliandika kwamba nikishindwa nichukue msasa, nisugue mpaka mkwaruzo usionekane. Nilitii. Mkwaruzo hauonekani. Rangi nayo haionekani. Hamkuandika popote kwamba mtu akiona bati aache, na mimi ni karani, sina mazoea ya kujitungia maagizo.

3. Mliandika nipake rangi inayofanana na ya sehemu iliyo jirani. Muuza rangi aliapa kwamba bluu ndiyo hiyo hiyo. Ilipokauka ikawa bluu ya milango ya zahanati. Kwa kuwa rangi ilikataa kufanana na sehemu ya jirani, niliona ni haki sehemu ya jirani ifanane na rangi, nikapaka mlango wa nyuma. Ule nao una jirani yake. Ndugu Mhariri, gari zima ni majirani watupu, na jambo hili lilistahili herufi nzito.

4. Mlishauri kazi ifanyike pasipo na upepo. Upepo wa mtaani kwetu ulisubiri nishike kopo la kupuliza. Mshonaji wa nyumba ya pili sasa ana mashuka ya bluu na paka wa bluu. Haitikii salamu zangu, na paka akiniona anapanda ukuta.

5. Fundi rangi tunayemwita Brashi alipita, akalizunguka gari, akavua kofia. Nimewahi kuona watu wakivua kofia namna ile, lakini ilikuwa msibani.

6. Mzee anarudi Jumapili. Mke wangu amesema atakwenda kuwapokea yeye, tena kwa miguu. Mimi naogopa, sioni haya kulisema. Wala sililii gari. Nalilia zile funguo, kwa sababu sitapewa tena.

Kwa hiyo naomba mchapishe tangazo kwamba magari ya aina hii yanatakiwa sasa kuwa na rangi mbili, kwa ajili ya afya ya dereva. Na wewe mwenyewe ufike Jumapili, umevaa suti, umweleze mzee kwamba kila kitu kimefanywa kitaalamu. Usipofika nitaendelea hadi kwenye paa, na lawama zitakuwa zenu.

Nisalimie wote hapo ofisini, na hasa mwenye ule mkono msafi unaoshika msasa kwenye picha ya ukurasa wenu.

Ni mimi, msomaji wenu mtiifu kupita kiasi,
Mkwe

Nyongeza: Tafadhali usichapishe. Wamerudi leo kabla sijaifunga bahasha. Mama mkwe alipoona gari alikaa chini palepale kwenye changarawe. Mzee akanivuta nyuma ya nyumba, akaninong'oneza kwamba mlango aliukwaruza yeye kwenye geti usiku wa kuamkia safari, na kwamba funguo alinipa ili nije kusemwa mimi. Akaniomba mama asijue. Basi nimekiri mbele ya ukoo mzima kwamba mkwaruzo ni wangu, nikatukanwa hadi chai ikapoa. Mzee alikaa kando yangu muda wote, akinimiminia mwenyewe na kuniita mwanangu. Funguo amesema nikae nazo. Naomba mnitumie ukurasa wa kunyoosha bati, maana kuna jambo kuhusu bampa ya nyuma ambalo bado hajamwambia mama.