Treni ya Gudrun Yala Sakafu

Gudrun alilibwaga gazeti juu ya meza, kahawa ya Detlef ikaruka.

"Someni! Tumetolewa gazetini kama majambazi!"

Kuno akalivuta, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "'Ajali mbaya ya treni kwenye maonyesho ya Jumapili. Mabehewa yote yaporomoka kutoka mezani. Abiria wote wanusurika kwa kuwa ni wa plastiki.'"

Kibanda cha soseji mbele ya stesheni ya Pirna, Ujerumani, kikalipuka kwa kicheko. Detlef peke yake hakucheka. Alifuta kahawa shatini mwake, roho inamchemka.

Hapo ndipo kijiweni kwao, watu watatu na ugonjwa mmoja: reli za kuchezea. Kila mmoja hutengeneza kipande chake nyumbani, ubao wenye vilima, vinyumba na njia ya reli, kisha siku ya maonyesho vipande hufungwa kimoja na kingine, treni ikapita vyote. Kuno waliyemwita Pumzi alishikilia kwamba reli lazima iachiwe nafasi katikati ipate kupumua. Detlef aliitwa Unywele, maana aliapa kwamba reli zake zinaishia sawasawa na ukingo wa ubao, hazizidi unywele wala hazipungui. Gudrun, Mama Moshi, ndiye mwenye treni. Kichwa cha treni hiyo kilinusurika talaka yake na kuhama nyumba mara mbili, kikaja kuvunjika bomba la moshi Jumapili, palepale kipande cha Detlef kinapokutana na cha Kuno.

"Na wale wa maonyesho makubwa ya Dresden wameshasema," Gudrun akaendelea. "Ama tuje na reli zinazopitika, ama tubaki nyumbani tukalee paka."

"Mwulize Pumzi," Detlef akasema. "Reli zake zinapumua. Safari hii zimepiga chafya."

"Wee mzee, usinizingue! Reli zangu zimefika ukingoni."

"Zimefika lini? Au ziko njiani bado?"

"Detlef, nitakumwagia haradali!"

"Acheni kelele!" Gudrun akapiga meza. "Vipande bado vimo garini kwa Detlef tangu Jumapili. Vileteni. Leo hapa patajulikana."

Vikaletwa. Soseji zikahamishwa, vipande vikabanwa ukingo kwa ukingo. Wasafiri wawili waliokuwa wakikimbilia treni ya kweli wakasimama kutazama. Gudrun akapitisha ukucha juu ya reli, polepole, kama daktari anayepapasa tumbo. Upande wa Kuno ukucha ukateleza hadi ukingoni. Ulipoingia upande wa Detlef, ukazama. Tk!

"Rudia," Detlef akasema.

Tk!

"Hili siyo pengo, ni bonde," Kuno akasema. "Hapa hata mbuzi anaweza kuchungwa."

"Haiwezekani! Niliukata kwa msumeno mwembamba, nikapiga tupa, nikapapasa kwa ulimi!"

"Kwa ulimi?" Gudrun akashtuka.

"Ulimi haudanganyi!"

Kuno akaacha kucheka, akainamia ule ukingo akiukodolea macho. "Bwana wee, reli zako hazijarudi nyuma. Ubao ndio umetoka mbele. Umevimba. Huu si ule ubao wa maranda yaliyoshikanishwa kwa gundi, unaokunywa maji kama ngamia? Na reli umezishikiza kwa kitu gani?"

"Gundi."

"Gundi tupu! Mimi nimekaza skrubu za shaba kwenye ubao wa ukingoni, nikalehemu reli juu ya skrubu hizo. Ubao ukisogea, reli zinakwenda nao, na lile pengo la katikati mnalolicheka linazipa nafasi. Haya, sema, kipande chako unakiweka wapi nyumbani?"

"Chumba cha chini."

"Na mkeo Sieglinde anaanika wapi nguo wakati huu wa baridi?"

Detlef aliziona kichwani shuka, taulo na suruali zake mwenyewe zikining'inia juu ya reli, zikidondosha maji tone kwa tone juu ya kile kijiji chake kizuri. Akatamani apande treni ya kweli aende popote.

"Mama Moshi," akasema hatimaye, "bomba nitalichonga mimi. Pumzi, hizo skrubu… unazikaza vipi?"

Kuno akasogeza kiti, akijipa raha. "Sogea hapa, babu wee. Kwanza ubao ukauke kabisa. Usiguse kitu kabla haujakauka!"

Jioni ile Detlef alimpigia marufuku mkewe kuanika nguo chumba cha chini. Sieglinde hakubishana. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu atazikausha nguo zake mwenyewe, anakojua.

Siku ya Dresden treni ya Gudrun ilipita kwenye kiungo kile bila hata kutikisika, bomba jipya juu. Watu wakapiga makofi. Detlef alisimama kando, miguu kapanua kama mpanda farasi, suruali aliyoifua usiku imemgandia mapajani, kidimbwi kidogo kikijikusanya viatuni.

Kuno akamsogelea, akamnong'oneza kwa huruma, "Unywele, ndugu yangu, choo kiko kule."

"Wewe tazama reli," Detlef akasema. "Reli ni kavu."