Poda ya Mbegu za Mapera

Jumatatu, 3 Agosti 1981

Ijumaa mwalimu Mideva anachagua msichana wa kumvisha mgeni rasmi shada la maua, Jumamosi, siku ya kufungua kituo kipya cha kupimia miwa. Lazima awe Edah wangu! Shida ni uso. Masizi ya miwa inayochomwa yamemjaza vipele. Na jirani yangu Beldina ana binti pia, na mafuta ya duka.

Mimi nina akili. Nimetwanga mbegu kavu za mapera, nikajisugua mwenyewe kwanza. Baba Edah akauliza kama nimepigana na kuku.

Ni chenga tu. Zisagwe laini.

Jumatano, 5 Agosti

Nimepeleka gorogoro mbili za mbegu kisiagi. Nehemiah, mwenye mashine, alisema hapo husagwa nafaka, si matunda. Nikamwambia ni wimbi. Akasaga! Laini ajabu.

Nyuma yangu kwenye foleni, Beldina na mahindi yake. Akaringa kwamba kesho mwalimu Mideva anakula kwake. Ingokho nzima, kuku wa heshima! Nikamtakia heri. Kwa moyo wangu wote.

Alhamisi, 6 Agosti

Edah amejisugua polepole, poda na maziwa lala. Akanawa. Uso unang'aa kama biringanya! Nililia kwa furaha. Hata Baba Edah amesifu, na huyo huwa hasifu kitu.

Ijumaa, 7 Agosti

Kumbe mbegu zangu zilibaki ndani ya mashine, zikatoka na mahindi ya Beldina! Jana obusuma, ule ugali wake, ikakwaruza meno ya mwalimu. Akauliza kama nyumba hiyo hula mchanga. Beldina amekuja akifoka kwamba nimemharibia mgeni. Nikasema pole, dada yangu, nikampa kikombe cha poda.

Edah amechaguliwa! Mwalimu anasema hakuangalia sahani ya mtu, aliangalia nyuso tu.

Jumapili, 9 Agosti

Jana Edah alimvisha mgeni shada mbele ya wakulima wote. Mgeni akauliza huyu ni binti wa nani. Nikajibu kwa kigelegele mpaka sauti ikakauka.

Leo kanisani wanawake sita wanataka poda. Beldina ndiye wa kwanza!

Nehemiah ameapa nisikanyage kwake tena. Alifungua mashine yote kuiosha. Sawa. Kokwa za avokado za poda mpya zimeshakauka, na kuna kisiagi kingine Navakholo. Nasikia shule ya Edah husagisha huko mahindi ya watoto kila Jumatatu. Nitarauka, niwe mbele yao.